Siku Niliyowasha Mashine Mwenyewe

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena hapa duniani. Nimeona lori la alizeti likipinduka mara mbili na dereva akatoka ndani anauliza kiberiti. Nimeona mtu mwenye digrii akiniomba kazi ya kushona magunia, nikampa, akashindwa siku ya pili. Nilianza kubeba lumbesa za mahindi soko la Kibaigwa nikiwa na miaka kumi na minne. Shule niliishia darasa la tano. Leo nina mashine tatu za kukamua alizeti na nyumba ya vigae, na watu wenye mvi zao wananiita Bosi Lameck. Haya yote nimeyajenga mwenyewe. Hilo neno nimelisema harusini, kanisani, kwenye vikao vya wafanyabiashara, mpaka vibarua wangu wakiniona navuta pumzi wanalimalizia: "Mwenyewe!" Kwa hiyo mtendaji wa kata aliponijia mwaka huu kuomba viti na soda za mkutano, akaniambia nitakuwa mgeni rasmi, nilikwenda kama ninavyokwenda siku zote, koti la suti, kifua mbele, nikijua nitasikia maneno, nitapigiwa makofi, nitarudi kula.

Mkutano ulikuwa wa kuwaelimisha watu habari za dawa za kulevya, hasa wanaokufa kwa kuzidisha. Mganga wa zahanati alisema yake, mtendaji akasema yake, watu wakapiga miayo. Halafu akasimama mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amevaa dera la kijani na mtandio, akashika maiki kama mtu aliyeizoea. "Shikamooni wazee. Wenzangu hamjambo. Mimi naitwa Zaina, kwetu Kondoa. Nilikuwa teja miaka kumi na tano. Sasa hivi kila asubuhi nakwenda hospitali kunywa dawa yangu, mwaka wa nane huu." Nyuma mtu akacheka, mwingine akasema mama angalia pochi yako. Zaina akangoja wamalize. "Sikuja kuwaambia kwamba unga ni mbaya. Hilo mnalijua, mmetutukania vya kutosha. Nimekuja kuwafundisha sauti moja tu." Akaisogeza maiki mdomoni, akafumba macho, akakoroma. Ulikuwa mkoromo mzito, wenye maji maji ndani, unaovutwa kwa taabu halafu unakatika, kimya, mpaka unadhani umekwisha, halafu unarudi. Watu walikufa kwa kicheko. Mimi soda ilinimwagikia kwenye suruali, maana nilikuwa nimewahi kuusikia mkoromo ule, wenyewe, siyo mfano wake, na nilijua pia mwanamke aliyekuwa anauigiza ni nani. "Mtu akikoroma hivi na haamki ukimtikisa, hajalala," akasema. "Anakufa. Nani hapa amewahi kuusikia?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Macho yake yalipita kwangu, yakakaa kidogo, yakaendelea. Hakunitaja.

Nikuambie kwa nini jambo lile lilinigusa mwezi ule kuliko mwezi mwingine wowote. Nilikuwa nimeahidi kulijengea kaburi la rafiki yangu Yona, kule Mlali, saruji na vigae vyeupe, na baada ya wiki tatu tulikuwa na ibada ya kuweka msalaba. Mnajua desturi yetu, siku ile wasifu wa marehemu unasomwa upya, kama siku ya mazishi, na msomaji nilikuwa mimi. Karatasi ya zamani mama yake aliitunza ndani ya Biblia miaka ishirini. Alinipa nikaichapishe upya kwa sababu imechakaa mikunjoni. Mstari wa mwisho unasema: "Aliugua ghafla malaria iliyompanda kichwani, akafariki kabla hajafikishwa zahanati." Maneno hayo niliyatunga mimi.

Yona. Nitamweleza vipi mtu ambaye hajamwona akisikiliza injini? Mwaka ule mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa, yeye ishirini na saba, na tulikuwa na banda la mabati nyuma ya soko, limegawanywa kwa mabanzi kuwa vyumba vitatu: chumba cha mashine, stoo ya mashudu, na chumba changu ambacho kilikuwa pia ofisi. Mashudu ni yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, tunawauzia wafugaji. Harufu yake ni tamu na nzito, inaingia kwenye nguo, kwenye chai, mpaka kwenye nywele. Mashine ilikuwa kuukuu, tuliipata kwa mtu aliyeshindwa nayo. Ninaposema tuliipata, niseme ukweli kwa mara ya kwanza kwenye maandishi: aliyejua kwamba inafaa ni Yona. Mimi niliona chuma kimeoza. Yeye aliweka kiganja juu yake, akainamisha kichwa, akaniambia, "Lameck, hii haijafa. Imenyamaza tu." Aliifungua yote juu ya turubai, akaipangua na kuipanga, na siku ya nne ilikamua. Kuiwasha ilikuwa kwa hendeli, unazungusha kwa mkono, na mimi kila nikijaribu ilinirudisha nyuma ikataka kunivunja kiwiko. Yona aliizungusha mara mbili, ya tatu inashika. Vibarua walikuwa wanasema mashine ina mume mmoja.

Alikuwa amefanya utingo kwenye malori ya Dar es Salaam miaka minne, na huko ndiko alikoujua unga. Sikujua. Nilidhani ule usingizi wake wa mchana, ule wa kusimama, kichwa kinashuka polepole mpaka kidevu kigonge kifua, ni uchovu. Aliyeniambia ni mama yake mwenyewe, alikuja kutoka Mlali na kuku ameshikwa kwapani na kifurushi cha unga wa uwele, akapika ugali na mlenda hapo hapo bandani, tukala, Yona alipotoka kunawa akanishika mkono. "Mwanangu ni teja," akasema. Neno hilo alilisema kama mtu anayetema kitu. "Kule nyumbani wameanza kujua. Dada yake posa imerudishwa. Baba Lameck, wewe una nguvu, una akili ya maisha. Nakukabidhi." Baba Lameck, mimi ambaye sikuwa hata na mtoto. Nilivimba. Nilimwambia mama, niachie, mimi sijashindwa na gunia nitashindwa na mtu?

Njia yangu ilikuwa ile ambayo kila mtu aliijua na kila mtu aliisifia. Nilimfungia. Nilitoa mashudu nusu ya stoo, nikaweka godoro, ndoo mbili na kufuli, nikamwambia Yona utatoka humu ukiwa mtu. Alikubali, niseme hilo pia. Aliingia kwa miguu yake. Siku ya pili arosto ilimshika, yale maumivu yanayomjia mtu akikosa unga, akatapika, akaharisha, akalia kwa sauti ambayo siwezi kuiandika. Wateja waliokuja na alizeti walisikia wakauliza, nami nikawaambia kwa kujigamba, "Naponya mtu humo." Wengine walikwenda mlangoni wakaweka sikio na kucheka. Mmoja alimwita, "We teja, vipi, chumvi imekolea?" Mimi nilicheka nao. Jioni nilikaa upande wa pili wa mlango nikila, na Yona aliniambia kupitia ubanzi, "Lameck, mashine inagonga. Umesikia? Legeza nati ya kushoto." Nililegeza, ikaacha kugonga. Alikuwa anakufa kwa maumivu na alikuwa anasikiliza mashine yangu. Yetu.

Siku ya ishirini na moja nilifungua kufuli. Alitoka amekonda, macho meupe, anakula kama mtu wa msiba. Nikatangaza. Lo, nilitangaza! Sokoni, kanisani, kwa wanunuzi wa mafuta kutoka Dodoma mjini: "Yona nimemtoa mimi. Hospitali gani? Dawa gani? Kufuli na ugali." Watu walinipa mkono. Lakini nyumbani mle mle, kikombe cha Yona kilikuwa cha peke yake, cha plastiki ya kijani, nimekikata kipande ukingoni kwa kisu ili kisichanganyike na vingine. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mezani tukila pilau ya Jumapili vibarua walishika ndoo zao za mafuta na pochi zao, na mimi mwenyewe nikihesabu vijiko baada ya chakula, kwa sauti, moja, mbili, tatu, nikimtazama. Siku moja Yona alisema, "Kaka, bora unifungie tena. Mle ndani nilikuwa mgonjwa. Huku nje ni mwizi." Nikamwambia usinichekeshe.

Tulipopata injini mpya, mpya kwetu lakini iliyotumika, nikaamua tufanye jambo. Nilimwalika mchungaji na wazee wa kanisa na wateja wakubwa waje Jumamosi, mashine iombewe, mbuzi achinjwe. Na nikapanga kitu ambacho nilikiona kizuri mno: kabla ya kuwasha, Yona asimame atoe ushuhuda, aseme alivyokuwa teja, na nani amemtoa. Ijumaa mchana nilikuwa ofisini namweleza mzee wa kanisa mpango huo. "Nitamsimamisha mbele, wamwone vizuri," nikasema, "maana alikuwa mzoga yule." Ukuta ulikuwa banzi. Yona alikuwa upande wa pili na spana. Mzee alipoondoka akaingia, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko.

"Mashine nitawasha," akasema. "Ushuhuda sitoi."

"Utatoa."

"Lameck, mama yangu atakuwepo. Dada yangu atakuwepo na wakwe wapya. Wakwe hawajui."

"Watajua umepona. Aibu iko wapi?"

"Kama haina aibu, mbona kikombe changu umekikata?"

Mimi nikibanwa nakuwa mbaya. Nilimwambia nimekulisha, nimekulaza, nimekupa jina, kesho utasimama na utasema, la sivyo urudi kwenye malori yako. Akaweka spana mezani taratibu, akaipanga sambamba na ukingo wa meza, kama alivyopanga vitu vyote. Akatoka. Ndiyo mara ya mwisho niliyoongea naye akiwa ananisikia.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilimkuta stooni, kalala chali juu ya magunia ya mashudu, anakoroma. Nimeshaueleza ule mkoromo. Nilimtikisa. Nilimpiga kofi. Nilimmwagia maji ya kikombe chake cha kijani. Hakufungua jicho. Kibarua mmoja aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Bosi, mbona midomo imekuwa kama majivu?" Nikamwambia baridi hiyo, kalewa huyo, mwache alale atoe pombe, na ole wako umwambie mtu. Unaona? Hata hapo sikusema unga. Nilisema pombe, kwa sababu pombe ina heshima. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilikuwa na toroli tatu za magunia uani. Nilimfunika turubai mpaka kiunoni nikaenda kuangalia mbuzi.

Saa nne kasoro, wageni wameanza kukaa, getini kukatokea kelele. Alikuwa Zaina. Zamani aliuza chai stendi, mwaka ule alikuwa amekwisha, miguu peku, khanga moja, anajikuna mikono. Kila mtu alimjua. Aliniita kwa sauti mbele ya mchungaji: "Bosi! Yona yuko wapi? Jana jioni amechukua kete tatu, kama zamani! Nimemwambia usichukue tatu, mwili umeshasahau! Kaka yangu, mwili ukikaa bila unga unasahau, kile kipimo cha zamani kinaua! Yuko wapi? Anakoroma? Kama anakoroma mlaze ubavu, mfungulie mdomo, mpeleke hospitali, wamchome sindano ya kumzindua!" Maneno yote hayo, neno kwa neno, nayakumbuka mpaka leo. Alinipa yote. Mwanamke aliyekuwa hana kiatu alikuwa na elimu yote ambayo tulikuwa tunaihitaji pale, na aliitoa bure getini. Na mimi nikasema, "Toeni hilo teja kwenye geti langu." Vibarua wawili walimsukuma. Alipoanguka mmoja wa wateja alichota konzi ya mashudu akamtupia, kama unavyomtupia kuku, na watu wakacheka, na mama yake Yona, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na kitenge kipya, hakusikia vizuri, akauliza, "Anasema nini yule?" Nikamjibu, "Kichaa tu, mama."

Mchungaji akafungua Biblia. Pakawa kimya. Na katika kile kimya ukasikika kutoka stooni: mkoromo, kisha hakuna kitu, kisha mkoromo. Mchungaji akainua uso. "Kuna mgonjwa?" "Hapana, baba mchungaji," nikasema, "mlinzi wetu huyo, kakesha." Wengine wakatabasamu. Ukasikika tena. Mama Yona akageuza shingo kuelekea stoo, maana mama anajua. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mchungaji, tuiwashe kwanza, uiombee ikiwa inaunguruma, baraka ishike vizuri!" Nikaenda kwenye hendeli. Mimi, ambaye injini haikuwahi kunikubali hata siku moja. Nilizungusha mara mbili. Ya tatu ikashika. Moshi, kishindo, banda zima likatetemeka, na watu wakasimama wakapiga makofi na vigelegele, na mtu mmoja akapaza sauti, "Kawasha mwenyewe!" Wakaitikia wote, "Mwenyewe! Mwenyewe!" Neno lile lilianzia hapo. Sasa mnajua.

Iliunguruma tangu saa nne mpaka saa saba. Sikuizima wakati wa maombi, sikuizima wakati wa chakula, watu walikula pilau wakipigiana kelele masikioni. Mama Yona aliuliza mara mbili mwanawe yuko wapi, nikamjibu kwa ishara kwamba nimemtuma. Wageni walipoanza kuondoka nikaizima. Nilipakua sahani ya pilau, nikaweka nyama nzuri juu, nikajaza maji kwenye kile kikombe, nikaenda stooni nikiwa nimepanga maneno ya kumgombeza. Hapakuwa na sauti yoyote. Povu lilikuwa limeshakauka shavuni. Nilisimama na sahani mkononi nikisikiliza, kama yeye alivyokuwa akisikiliza injini, nikitumaini imenyamaza tu.

Malaria niliitunga mle mle. Kabla sijamwita mtu nilimfuta uso, nikatafuta sindano nikaitupa chooni, na nilipotoka nilikuwa nimeshakuwa na hadithi. Watu waliikubali haraka sana, kwa sababu iliwafaa wote. Mchungaji ilimfaa, ukoo wa Yona iliufaa, wakwe wapya iliwafaa kuliko wote. Mlali tulimzika tukiwa watu wengi, nikasoma wasifu kwa sauti nzuri, nikalia machozi ya kweli. Kabla mwaka ule haujaisha, gesti ya pale stendi alikufa utingo mmoja wa miaka ishirini na mbili. Mhudumu alisimulia sokoni: "Tulimsikia anakoroma tangu asubuhi, tukasema mwacheni apumzike, katoka safari." Nilikuwa napima mafuta aliposema hivyo. Nilijaza lita, nikafunga kizibo, nikampa mteja chenji yake. Kama wasifu wangu ungesema kweli, mhudumu yule angekuwa ameusikia. Alikuwepo Mlali. Alibeba shada la maua.

Basi mkutano wa mwaka huu ulipokwisha nilimfuata Zaina, alikuwa anakusanya vipeperushi vyake kwenye mfuko wa nailoni.

"Shikamoo Bosi," akasema, bila kuniangalia.

"Marahaba. Unanikumbuka?"

"Mashudu yalinikaa kwenye nywele siku mbili. Nikusahau?"

Nikasema kile ninachosemaga kwenye kila mkutano. "Kazi yenu nzuri. Nataka kuwachangia. Sema kiasi."

Akanitazama sasa. "Soda tumekunywa, ahsante. Mimi nikisimama pale wanasema teja huyo, wanashika pochi. Umeona leo. Wewe ukisimama watasema Bosi kasema." Akafunga mfuko fundo. "Siku ile uliponifukuza, ulirudi kumwangalia?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Niliwasha mashine."

Akaweka mfuko chini. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi. "Mimi nilikaa nje ya ukuta wako mpaka saa sita," akasema. "Nilidhani mashine ikizimwa nitamsikia." Akachukua mfuko akaenda kupanda bodaboda.

Nilikwenda Mlali peke yangu, nikaendesha taratibu kama mtu anayetafuta tairi lipasuke. Mama Yona sasa ni mkongwe, anaona kwa jicho moja, alikuwa uani anachambua majani ya mlenda kwenye ungo. Nilimwamkia, nikakaa chini, siyo kwenye kiti. Nilimweleza yote kuanzia geti. Hakuacha kuchambua. Nilipofika mwisho akauliza, "Ulimwona saa ngapi?"

"Saa mbili, mama."

"Mashine ukazima saa ngapi?"

"Saa saba."

"Masaa matano." Akatoa jani bovu akalitupa. "Na yule uliyesema kichaa ndiye alikuwa anajua."

"Ndiye."

"Nilimsikia mwanangu," akasema. "Kabla hujawasha. Nilisema moyoni huyu ni Yona, utotoni alikoroma akiwa na mafua. Halafu nikajiambia Baba Lameck hawezi kuniambia uongo mbele ya mchungaji." Aliunyanyua ungo, akaupepeta mara moja, akauweka. Sikuomba msamaha, maana nilijua ningekuwa namwongezea kazi. Mwishowe akasema, "Malaria ile itoe. Andika alivyokufa. Na mashine uiandike."

"Mama, ibada itakuwa na watu wengi. Wakwe—"

"Wakwe wana wajukuu sasa. Wajukuu nao wana masikio. Mashine uiandike." Hakunikaribisha chakula. Kwa miaka ishirini sijawahi kutoka kwa mama yule bila kula.

Stationery ya Kibaigwa anakaa msichana mmoja mwenye kucha ndefu. Nilimsomea, akachapa. Alipofika mstari wa mwisho akaacha vidole hewani. "Mzee, hivi hivi? Niandike na mashine?" Nikamwambia hivi hivi. Akaandika: Alikuwa mgonjwa wa dawa za kulevya, akaacha, akarudia kipimo chake cha zamani, na mwili ulikuwa umeshasahau. Alikoroma tangu asubuhi. Rafiki yake Lameck alimsikia, akaona aibu, akawasha mashine. Alikufa umbali wa dakika kumi kutoka zahanati. Yeye ndiye aliyeifufua mashine ile ya kwanza.

Niliusoma kaburini, na vigae vilikuwa vyeupe hasa, nilichagua vya bei ya juu. Sauti haikuwa nzuri. Nilipofika kwenye mashine, wazee wawili waliinuka wakaenda kukaa mbali, na mchungaji wa sasa, kijana, akaanza kutafuta wimbo kabla sijamaliza. Zaina nilikuwa nimemwalika, alikaa na akina mama, na nafasi moja wazi kila upande wake. Hakuna aliyelia. Nilikuwa nakunja karatasi nilipomsikia mwanamke mmoja nyuma kabisa, mwenye sufuria ya maharage mapajani, akiuliza kwa sauti ya chini kama anayeulizia njia: "Ubavu upi?"

Watu wakageuka. Akaangalia sufuria yake. Akarudia, "Unamlaza ubavu upi?"

Zaina akainuka, akavua kandambili, akalala chini kwenye vumbi pembeni ya vigae vyangu, ubavu wa kushoto, goti moja limekunjwa mbele, mkono chini ya shavu, mdomo umeelekea ardhini. "Hivi," akasema. "Halafu unakimbia kuita watu wa hospitali. Huoni aibu, unakimbia." Yule mwanamke aliweka sufuria chini, akasogea mbele, akachutama kuangalia vizuri. Wakasogea na wengine.

Mimi nilisimama na nakala mkononi, nikizigawa. Kwa miaka ishirini niliamini ukweli ule ungenifilisi, ungechukua mashine, jina, wateja, nyumba. Msichana wa stationery alinipigia hesabu na kunipa risiti, ninayo hapa: kuchapa ukurasa mmoja elfu moja, nakala hamsini elfu tano. Jumla shilingi elfu sita.